Jani Lililofutwa

Mpalizi alishuka kutoka kwenye gari la Manispaa saa mbili na nusu asubuhi, akakunjua mikono yake minane, akaanza kazi. Kila mkono uliishia kwenye vidole viwili vya chuma, vyembamba kama sindano za kufumia. Juu ya mikono hiyo lilining'inia jicho-mmea, tufe la kioo lililotazama jani, likahesabu mishipa yake, likanusa hewa yake, kisha likalilinganisha na Daftari la Mimea kabla wewe hujapepesa macho. Mmea uliosajiliwa kuwa ua, mboga au mti wa kivuli, Mpalizi aliupita. Usiosajiliwa aliukamata shinani, akaung'oa na mizizi yake yote, akausukumia tumboni mwake mlimokuwa na tanuri. Nyuma ilidondoka pakiti ndogo ya majivu, imeandikwa uzito.

Kwa dakika kumi na moja alikuwa amemaliza upande mmoja wa mtaa. Watu walimpiga picha kutoka kwenye roshani. Mwaka ule wa 2091 Jiji la Kwazumbe lilikuwa na Wapalizi arobaini, na lilijisifu kwenye mabango yake kwamba ndilo jiji pekee lisilo na gugu hata moja.

Ulikuwa uongo. Magugu yalikuwapo, tena yamestawi, nyuma ya Jengo Namba Saba, kwenye kipande cha ardhi cha hatua ishirini kwa kumi na tano. Mwenyewe alikuwa amekaa mbele yake kwenye kigoda, miguu ameinyoosha.

"Tafadhali mama, naomba unipishe," alisema Mpalizi kwa sauti laini waliyomtengenezea ili asiudhi watu.

"Mama yako nani?" aliuliza Bi Mwantumu Kilua. "We una mama?"

Jicho-mmea lilimgeukia. Sheria yake ya kwanza ilikuwa kutomgusa binadamu, na swali lile halikuwamo kwenye sheria yoyote. Akabaki amesimama, mikono minane hewani, akisubiri.

Bi Mwantumu alikuwa na miaka sabini na miwili. Thelathini kati ya hiyo alikuwa mpishi wa shule, na sauti yake bado ilikuwa ile ya mtu anayewapigia kelele watoto mia nne juu ya masufuria yanayochemka. Hakuwa mganga, na ukimwita mganga alikutukana. Alikuwa mwanamke aliyejua majani, kama mama yake na shangazi zake walivyojua, basi. Bustani ile hakupanda hata shina moja. Yalijiotea yenyewe, na kazi yake ilikuwa kutoyang'oa na kuyamwagia maji kipindi cha jua kali.

Asiyejua angeona pori. Pembeni kulikuwa na mashona nguo, yale yanayokuganda kwenye kanga ukipita. Ukijikata kisu unayaponda, unayabana juu ya kidonda, damu inakata. Chini ya dirisha kilikuwa kivumbasi, cha kufukuza mbu na kujifukiza ukibanwa na mafua. Ukutani mbarika, ambao majani yake yakipashwa moto hufungwa kwenye goti lililovimba. Mgagani alipewa kila mzazi wa jengo lile siku ya tatu baada ya kujifungua, aupike ale apate nguvu. Katikati, palipo na unyevu, ulitambaa mpozahoma wenye maua ya zambarau, na kando yake mchunga, mboga chungu ambayo watoto wote wa pande zile huichukia.

Kwenye ukuta Manispaa ilikuwa imebandika amri tangu jana: ENEO LA MIMEA YA SUMU. ITANG'OLEWA YOTE.

Saa tano kasoro mwanamke mmoja alikuja anakimbia, kitambulisho kinamrukaruka kifuani. Alikuwa Salha Mhina, mhandisi wa shirika la dawa la Afyatele, na jicho-mmea lilikuwa kazi ya mikono yake. Amri ya kung'oa ilikuwa imemfikia kazini asubuhi hiyo kwenye orodha ndefu, naye alipoona anwani alisimama, akaacha chai yake mezani.

"Shikamoo, bibi."

Bi Mwantumu hakuitikia. Kwa watu wa huko, shikamoo isiyoitikiwa ni kofi, na Salha alilihisi shavuni.

"Umekuja na lijitu lako?"

"La Manispaa, bibi. Langu ni jicho tu."

"Basi jicho lako halina adabu. Miaka miwili iliyopita umekaa kwenye kigoda hiki wiki tatu nzima, umekula ugali wangu, nimekwambia kila jani na kazi yake. Leo majani yale yale yamekuwa sumu? Au sumu uliitia wewe?"

Salha alitazama chini. Ni kweli alikaa pale wiki tatu, na kinasa-maarifa chake mezani, kijisanduku kilichosikiliza maneno ya wazee, kikayapanga kwenye jedwali. Jedwali lilikuwa na safu tano: jina la mmea, sehemu inayotumika, dutu iliyomo, kazi yake, na kipimo kwa miligramu. Safu hizo hakuzibuni yeye. Alizikuta.

Na hapo ndipo mambo yalipoharibikia, ingawa siku hiyo hakuna aliyeona. Kwa sababu Bi Mwantumu, alipoulizwa kipimo cha dawa ya homa, alijibu kama alivyofundishwa: "Unachemsha mpozahoma na mchunga, kiganja kwa kiganja. Mgonjwa anakunywa mpaka ulimi ukatae. Ulimi ukishakataa, imetosha. Wa mtoto unakataa mapema, wa mtu mzima unachelewa. Kijiko cha nini? Mchunga ndio unaopima."

Kinasa-maarifa hakikupata miligramu katika maneno hayo. Kikaacha nafasi. Maabara nayo ikaupima mchunga, haikukuta ndani yake kitu chochote cha kushusha homa. Salha alikuwa na mimea mia mbili ya kumaliza kabla ya mwisho wa mwezi. Kwenye safu ya kazi, mbele ya jina la mchunga, aliandika maneno matatu: "Ladha tu. Ondoa." Akaenda kwenye mmea unaofuata.

Afyatele wakautoa mchunga, wakatia sukari na ladha ya nanasi, wakaiita dawa hiyo Pozahoma, wakamchora twiga anayecheka kwenye chupa. Watoto waliipenda kuliko soda. Ilipopita miezi minane, wakaanza kulala usingizi usioisha, mmoja huku, watatu kule. Mpozahoma ukizidi mwilini hushusha homa, halafu huendelea kushusha kila kitu: mapigo, pumzi, nguvu za miguu. Afyatele walitoa tangazo. Chupa, walisema, ni salama hata kwa kitoto kichanga; watoto wale wamekula majani mabichi kwenye bustani zisizosajiliwa. Wakaiomba Manispaa iwalinde wananchi.

Sasa pima mwenyewe. Nje ya jiji, nyuma ya uzio wa umeme, Afyatele walikuwa na shamba la ekari mia tatu la mpozahoma huo huo. Lilikuwamo kwenye Daftari la Mimea kwa jina lao, na hakuna Mpalizi aliyeruhusiwa kulisogelea. Jani lile lile! Ndani ya uzio wao ni dawa, nyuma ya Jengo Namba Saba ni sumu. Bustani ya Bi Mwantumu ndiyo pekee mjini iliyobaki na mpozahoma, na majirani waliokuwa wakinywa kwake miaka yote hiyo walikuwa hai kabisa, wanapanda ngazi. Kosa la bustani ile lilikuwa hilo.

Salha alikuwa ameanza kuishuku chupa. Mwezi mmoja nyuma alimwandikia mkuu wake barua fupi, akajibiwa kwa mstari mmoja kwamba hilo si la idara yake. Akanyamaza. Nyumba aliyokaa ilikuwa ya shirika.

"Bibi, nimekuja kuzungumza na afisa," alisema sasa. "Labda wataahirisha."

"Zungumza basi. Huyo anakuja."

Afisa mazingira, Bwana Mdoe, alikuwa anakuja kweli, amebana amri kwapani. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa karatasi. Nyuma yake alitembea mwanamke kijana mwenye kanga iliyokunjamana na utepe wa hospitali mkononi. Alikuwa Mama Shamimu wa ghorofa ya tano. Bi Mwantumu alipomwona alijaribu kuinuka kumpokea, goti likamkatalia.

"Mwanangu, mgonjwa anaendeleaje?"

"Ondoka hapo, bibi," alisema Mama Shamimu. "Nakuomba uondoke, wayang'oe. Leo siku ya nne mwanangu hajafumbua macho."

"Shamimu hajala kitu humu, mama. Naapa."

"Alikuwa humu kila siku!"

"Anacheza, ndiyo. Ananisaidia kumwagia maji. Lakini hajatia jani mdomoni, angetia ningemwona."

"Wataalamu wamesema amekula. Wewe umezidi wataalamu?" Akaanza kulia kwa hasira, bila kujifuta. "Mimi sina nguvu ya kubishana. Inuka tu. Nikirudi hospitali nimkute mwanangu amekufa, nitakuja kukutazama kwenye hiki kigoda chako?"

Bi Mwantumu angeweza kubishana na Manispaa mpaka jioni, na Mpalizi mpaka mwaka kesho. Mama ambaye mtoto wake haamki hakumweza. Alijishika ukutani, akainuka, akasogea pembeni, na kigoda akakivuta kwa mguu.

"Asante, mama," alisema Mpalizi, akaingia.

Alianza na mashona nguo. Vidole vya chuma vilikwenda chini na juu, chini na juu, na tanuri likanguruma. Kivumbasi kilipoungua, harufu yake ilitanda uani kote, na watu kwenye roshani wakaivuta puani bila kujua wanavuta nini. Bi Mwantumu aligeuza uso.

Hapa ndipo pa kumlaumu Salha, na tumlaumu. Alisimama pale na jedwali lake kwenye kompyuta ya mkononi, na sauti ya Bi Mwantumu imehifadhiwa ndani yake neno kwa neno, na hakufungua mdomo. Alijiambia atakwenda ofisini, ataandika ripoti, ataifuata njia inayotakiwa. Mbarika uling'olewa akiwa bado anajiambia hivyo.

Mama Shamimu alikuwa amechuchumaa, anaongea peke yake. "Mimi nilimwacha nikaenda dukani mara moja tu. Homa ilikuwa imeshuka. Nikamwekea chupa yake mezani. Narudi namkuta amelala, chupa tupu. Nikajua amepona, amelala zake..."

"Chupa gani?" aliuliza Salha.

"Ile ya twiga. Anaipenda, ataacha? Hiyo haina neno, ni dawa ya watoto. Hata huko wodini wanampa hiyo hiyo, homa isirudi. Kijiko kila baada ya saa sita."

"Mpaka leo wanampa?"

"Cha asubuhi kapewa saa kumi na mbili. Kingine saa sita."

Salha alitazama saa. Ilikuwa saa tano na dakika thelathini na tano. Akapiga magoti mbele ya yule mama, akamshika mikono yote miwili.

"Mama Shamimu, nisikilize. Ni ile chupa. Majani hayana kosa. Ni chupa, na huko wanamwongezea. Dawa ya bibi ilikuwa na mchunga, na ule uchungu ndio uliomzuia mtu asinywe kupita kiasi. Mimi niliufuta. Niliandika hauna kazi."

Mama Shamimu alimtazama kama anayesikia lugha ngeni. Aliyeelewa kwanza ni Bi Mwantumu. Katika maisha yake hakuwahi kuonja Pozahoma. Atanunuaje kitu anachokikanyaga uani kwake?

"Mwe!" alisema polepole. "Mmeutoa mchunga?"

"Ndiyo, bibi."

"Mkatia nini?"

"Sukari. Na nanasi."

"Mmeutoa mchunga mkatia sukari." Sauti ya jikoni ilirudi, ikapanda mpaka ghorofa ya juu kabisa. "Nilikwambia ndio unaopima! Nilikwambia Kiswahili, si Kizigua! Ulikuwa unaandika nini wiki tatu? Ulikuwa unachora?"

"Jamani," alisema Bwana Mdoe, "hayo ni malalamiko. Yaandikeni, yatajibiwa ndani ya siku kumi na nne. Amri ya leo inaendelea."

Nusu ya bustani ilikuwa imebaki. Mpalizi alikuwa amefika kwenye unyevu, kidole kimegusa ua la kwanza la zambarau. Salha angeweza kwenda kukaa pale katikati, na mashine ingesimama; alilifikiria hilo, akapiga hatua.

"Unakwenda wapi?" alifoka Bi Mwantumu. "Acha majani! Mtoto!"

Wanawake hao watatu walipata bajaji isiyo na dereva kwenye kona. Bi Mwantumu aliingia wa kwanza, goti lake bovu limebaki nje, akaiamuru iende, na bajaji ilipomjibu kwamba mlango haujafungwa aliipiga ngumi ya dashibodi. Nyuma yao pakiti za majivu ziliendelea kudondoka.

Wodini, kando ya kitanda cha tisa, alisimama muuguzi-chuma, mlingoti wenye magurudumu na mkono mmoja. Mkono ule ulikuwa umeshajaza kijiko. Saa ya ukutani ilisema sita kasoro dakika tatu. Shamimu alilala chali, miaka mitano, vidole vya miguu vimechungulia chini ya shuka. Mama yake alimrukia, akaweka kiganja chake juu ya midomo ya mtoto.

"Tafadhali mama, naomba unipishe," alisema muuguzi-chuma.

Dokta Semboja, daktari wa zamu, alikuja mbio akidhani mtoto amekata roho. Alikuwa hajalala tangu juzi. Alimsikiliza Salha nusu, akatikisa kichwa.

"Dada yangu, hii dawa imeidhinishwa. Siwezi kuisimamisha kwa maneno ya uani."

"Basi usinisikilize mimi," alisema Salha, akafungua kompyuta ya mkononi, akawasha rekodi ya kinasa-maarifa.

Wodi nzima ilimsikia Bi Mwantumu wa miaka miwili iliyopita, mwenye furaha, akieleza juu ya ulimi unaokataa. Kisha Salha akamwonyesha daktari jedwali. Jina la mmea. Ladha tu. Ondoa. Chini kabisa, jina la aliyejaza. Dokta Semboja alisoma mara mbili. Akamfunua mtoto kope, akamshika mshipa wa shingo, akahesabu, na midomo yake ikabana.

"Amepewa vijiko kumi na viwili kwa amri yangu," alisema. Akageuka. "Simamisha dawa."

"Dawa iliyoidhinishwa husimamishwa kwa sababu na jina la anayewajibika," alijibu muuguzi-chuma. "Taarifa itakwenda wizarani na haitafutika. Taja sababu."

"Imezidi. Ni sumu."

"Nani anawajibika?"

Daktari alimtazama Salha, na Mama Shamimu akamtazama Salha, kiganja bado kipo juu ya midomo ya mwanawe.

"Salha Mhina," alisema Salha. "Mhandisi. Afyatele."

Kijiko kilirudi chini. Mama Shamimu alishusha mkono wake, lakini macho hakuyaondoa.

"Uliufuta peke yako?"

"Hapana."

"Wewe ndiye uliyeleta nanasi?"

"Hapana."

"Wewe ndiye uliyesema mwanangu kala majani?"

"Hapana, si mimi."

"Basi wataje."

Salha aliwataja. Mkuu wake aliyesema si la idara yako. Bwana wa maabara aliyepima jani bila kuuliza linawekwa kwa nini. Bibi wa masoko na twiga wake. Msemaji aliyeandika tangazo, na mwanasheria aliyelipitisha. Kila jina lilimtoka kwa shida kuliko lililotangulia, na muuguzi-chuma aliyaandika yote kwa mwandiko mmoja. Ndani ya robo saa simu ya Salha ilianza kuita. Aliiacha iite.

"Ataamka?" Mama Shamimu alimuuliza daktari.

"Tumeacha sasa, nadhani ataamka. Kesho au keshokutwa." Dokta Semboja alikaa kwenye ukingo wa kitanda kama mtu aliyeishiwa. "Miguu siwezi kukuahidi."

Mama Shamimu alipokea maneno hayo bila kulia. Alimgeukia Bi Mwantumu, aliyekuwa amesimama mlangoni na mchanga kwenye pindo la kanga, kwa kuwa hakuna aliyemkaribisha ndani.

"Niandikeni na mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyemwinua bibi. Saa hizi hakuna kilichobaki kule."

"Wewe nyamaza," alisema Bi Mwantumu. "Wewe mama yake."

Akaingia, akajivuta mpaka kitandani, akazishika nyayo za Shamimu kwa viganja vyake na kuanza kuzisugua, taratibu, ili damu isisahau njia.

"Yupo mwingine anayewajibika?" aliuliza muuguzi-chuma, kwa ile sauti laini isiyoudhi mtu. "Kama hayupo, nafunga taarifa."

Salha hakuwa na jina jingine. Daktari naye hakuwa nalo. Nje ya dirisha, upande wa pili wa barabara, Mpalizi mwingine alikuwa anashuka kutoka kwenye gari, na watu walikuwa wanatoa simu zao kumpiga picha.

"Usifunge," alisema Bi Mwantumu bila kuinua kichwa. "Andika wapo."